Kilo za mjamzito: maswali na majibu, na kwa nini kuvimba si kunenepa

Maswali haya huulizwa kila siku kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, mengine kwa sauti, mengine kwa kunong'ona mlango ukishafungwa.

Natakiwa kuongezeka kilo ngapi mpaka nijifungue?

Inategemea mimba ilikukuta na mwili gani. Chukua uzito wako wa kabla ya mimba, ugawe kwa urefu wako kwa mita, jibu uligawe tena kwa urefu huohuo. Mwenye kilo 58 na urefu wa mita 1.60 anapata 22.7. Ukipata chini ya 18.5, yaani ulikuwa mwembamba kupita kiasi, ongezeka kilo 12.5 hadi 18. Kati ya 18.5 na 24.9, kilo 11.5 hadi 16. Kati ya 25 na 29.9, kilo 7 hadi 11.5. Ukipata 30 na kuendelea, kilo 5 hadi 9 zinatosha. Viwango hivi vilitolewa Marekani mwaka 2009 na Taasisi ya Tiba ya huko, na vinatumika sana hata nje ya nchi hiyo. Mwenye mapacha ana hesabu yake: kama alianza na uzito wa kawaida, kilo 17 hadi 25.

Kilo hizo haziji kwa mkupuo. Miezi mitatu ya mwanzo ni nusu kilo hadi mbili tu, na wenye kichefuchefu kikali wengine hupungua. Kuanzia mwezi wa nne, mama wa uzito wa kawaida huongezeka kama gramu 400 kwa wiki, na aliyeanza akiwa mnene gramu 200 hadi 300. Chini ya nusu kilo kwa wiki. Ishike namba hiyo.

Mtoto mwenyewe ni kilo tatu. Nyingine zinakwenda wapi?

Kondo la nyuma, maji ya uzazi, mji wa mimba uliotanuka, matiti, damu iliyoongezeka, na akiba ya mafuta ya kunyonyeshea. Kila kimoja kina kazi yake.

Mama mkwe anasema nile kwa ajili ya watu wawili.

Mpe heshima yake, lakini sahani iache ilivyo. Msemo huo hauko kwetu tu.  Ukweli ni kwamba miezi mitatu ya mwanzo huna haja ya chakula cha ziada hata kidogo. Miezi mitatu ya kati unahitaji kalori kama 340 zaidi kwa siku, nazo ni glasi moja ya maziwa, yai moja la kuchemsha na ndizi mbivu moja. Basi. Miezi ya mwisho ongeza konzi ndogo ya karanga juu ya hapo.

Kinachowanenepesha wengi ni vinywaji na vitafunwa: soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, na wapo wanaokunywa mbili kwa siku "kutuliza kiungulia". Kunywa maji, kula ugali wako na dagaa, maharage na mboga za majani. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi meza kila siku, na usivishushie kwa chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Na huo udongo wa pemba unaotafuna kwa siri, acha. Haukuongezei damu, unakupunguzia.

Nikila kidogo mtoto si atakuwa mdogo, nizae bila upasuaji?

Hapana. Kujinyima hakukupi uzazi rahisi. Kunakupa mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, anayeshindwa kutunza joto na kunyonya vizuri, na mama mwenye damu pungufu ambaye akivuja kidogo tu wakati wa kujifungua anaingia hatarini. Mkono ukipimwa mzunguko wake wa juu ukaonekana chini ya sentimita 23, mhudumu atakuambia una lishe duni. Msikilize.

Wiki hii nimeongezeka kilo tatu. Uso umejaa, majirani wanasema nimenawiri. Nifurahi?

Usifurahi. Nenda kituo cha afya leo.

Mwili haujengi kilo tatu za nyama na mafuta kwa siku saba. Tumetoka kusema chini ya nusu kilo kwa wiki. Uzito unaoruka kilo mbili au zaidi ndani ya wiki moja, hasa baada ya mwezi wa tano, mara nyingi ni maji yanayotoka kwenye mishipa ya damu na kujaa kwenye ngozi. Hiyo inaweza kuwa dalili ya presha ya mimba, ile inayotangulia kifafa cha mimba. Kuvimba si kunenepa.

Jiangalie hivi. Bonyeza ugoko kwa kidole gumba, hesabu hadi tano, achia. Kikibaki kishimo, hayo ni maji. Pete iliyokuwa ikitoka vizuri imekwama? Ukiamka asubuhi kope ni nzito na macho yamekuwa madogo? Vidole vinashindwa kukunja ngumi? Majirani wanaona uso wa mviringo wakasema mama amependeza. Hawana kipimo cha presha.

Lakini miguu si huvimba kwa kila mjamzito?

Miguu inayovimba jioni baada ya kusimama siku nzima, ikapungua ukilala na kuinua miguu, ni jambo la kawaida. Kinachotisha ni uso na mikono, au miguu inayoamka imevimba. Na hata hiyo ya kawaida mwonyeshe mhudumu, kwa sababu wapo wenye presha ya juu wasiovimba kabisa. Ndiyo maana tunapima, hatukisii.

Wanasema kuvimba hivi ni mtoto wa kiume, au mapacha.

Mtoto wa kiume havimbishi uso wa mama yake. Mapacha huongeza hatari ya presha ya mimba, kwa hiyo mwenye mapacha akivimba ndiyo kwanza awahi. Narudia kwa sababu wengi husikia wakaendelea kukaa: kuvimba si kunenepa, na wala si jinsia ya mtoto.

Tarehe yangu ya kliniki ni wiki ijayo. Si ningoje tu?

Usingoje. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni ya mtu asiye na dalili. Ukiwa umevimba uso au mikono, au kichwa kinauma na panadol haisaidii, au unaona vimulimuli au ukungu, au unasikia maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, kadi yako inasema leo. Hata saa nane za usiku. Usingoje mume arudi safari atoe ruhusa. Mpigie simu ukiwa njiani.

Kituoni utapimwa presha ukiwa umekaa na umetulia, na mkojo utapimwa kwa kijiti kinachobadilika rangi kama kuna protini. Dakika chache tu. Presha ya 140/90 au zaidi pamoja na protini kwenye mkojo inatosha kukuweka chini ya uangalizi. Ya 160/110 ni dharura. Dawa za kushusha presha zinazofaa kwa wajawazito zipo, na sindano ya magnesiamu salfeti inayozuia kifafa ipo. Mgonjwa ndiye huchelewa.

Nikinunua dawa ya kukojoza duka la dawa, maji si yatatoka?

Tafadhali usifanye hivyo. Maji yamejaa kwenye ngozi lakini ndani ya mishipa damu imepungua. Ukijikojoza unazidi kuipunguza, na kondo la nyuma linalomlisha mtoto linakosa damu. Vilevile kuacha chumvi kabisa si tiba. Kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile ya kwenye chakula, ndicho kiasi cha mtu mzima yeyote.

Mjamzito akianguka na kukakamaa, tumpeleke kwanza kwa mganga?

Hapana, hapana na hapana. Hakuna pepo hapo, ni kifafa cha mimba, na kila saa inayopotea kwenye ubani na makombe ni saa ambayo ubongo wake unaweza kuvuja damu. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimkandamize, msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mtu mmoja atafute gari wakati mwingine anamwangalia. Kifafa kikitulia safari iendelee, kwa sababu hurudi.

Nianze kliniki lini?

Kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio nane. Wengi huficha mimba mpaka mwezi wa sita "isije ikaonekana", halafu wanauliza kama wameongezeka sana. Kutoka kilo ngapi? Hakuna ajuaye, maana uzito wa mwanzo haukuandikwa, wala presha ya mwanzo. Ukienda, vua viatu, weka chini mkoba, simu na chupa ya maji (vinafika kilo nzima), kojoa kwanza, na hakikisha mizani inasoma sifuri kabla hujapanda. Omba uzito uandikwe kwenye kadi mbele yako.

Nimeshapita kilo zangu na bado miezi miwili. Nifanye diet?

Usijinyime na usitafute kupungua. Punguza kasi tu: ondoa soda, juisi za sukari na maandazi ya katikati ya mlo, tembea dakika 30 kwa siku kama mhudumu hajakukataza. Ulizia pia kipimo cha sukari, ambacho hufanywa vizuri kati ya wiki ya 24 na 28 lakini hata baadaye kina faida.

Nikishajifungua, hatari imekwisha?

Bado. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea siku chache baada ya kuzaa, mara chache hata wiki kadhaa baadaye. Wakati huo mama yuko ndani, anakandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na uso uliovimba unaitwa uzazi. Akilalamika kichwa au macho ndani ya wiki sita, mpelekeni akapimwe presha, mtoto naye abebwe akanyonye hukohuko.