CA-125 sio chekapu ya kila mwaka, dada zangu

Swali linalokuja sana inbox siku hizi ni hili, dokta, kuna chekapu ya wanawake ina CA-125 na ultrasaundi, nikapime nijue mapema kama nina kansa ya ovari? Kama huna dalili na kwenu hamna aliyeugua, jibu langu ni usipime, na naomba unisikilize kwa nini.

CA-125 ni protini tunayoipima kwenye damu, kawaida isizidi 35. Sasa hii protini inapanda kwa vitu vingi, faibroidi, endometriosisi (tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake), mimba changa, hata ukiwa kwenye siku zako, na TB ya tumbo ambayo huku kwetu ipo. Alafu kwa upande mwingine, kansa ikiwa bado hatua ya kwanza karibu nusu ya wagonjwa kipimo kinasoma kawaida kabisa.

Waingereza walichukua wanawake zaidi ya 200,000 wa miaka 50 mpaka 74, wakaanza kuwaandikisha 2001, wengine wanapimwa damu kila mwaka, wengine ultrasaundi ya ukeni, wengine hawapimwi. Majibu ya 2021 yalituuma sana wengi wetu, manake waliopimwa damu kweli walikutwa mapema zaidi lakini vifo havikupungua. Sababu moja ni kwamba aina inayoua zaidi mara nyingi inaanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, sio kwenye ovari yenyewe, na seli zinadondokea tumboni wakati uvimbe bado mdogo mno hata ultrasaundi haiuoni.

Na kule Marekani, kwenye utafiti kama huo uliotoa majibu 2011, wanawake 1,080 walipasuliwa kisa vipimo vya namna hii vilitia wasiwasi, wakakutwa hawana kansa, na kama 15 katika kila 100 wakapata madhara makubwa ya upasuaji. Mtu alikuwa mzima jamani!

Pap smia nayo ni ya mlango wa kizazi, ikitoka safi haimaanishi ovari ziko salama.

Ila kama mama, dada au shangazi aliugua kansa ya ovari au ya titi akiwa bado kijana, njoo tuongee kuhusu kupima jeni za BRCA, yaani jeni ambazo ukizirithi zikiwa na hitilafu hatari ya kansa hizi inapanda, na upande wa baba unahesabika vilevile, hapa wengi wanasahau. Mwenye hitilafu kwenye jeni ya BRCA1 tunamshauri akishamaliza kuzaa atoe mirija na ovari akiwa na miaka 35 mpaka 40, hiyo kweli inaokoa.

Na ukiwa na dalili ni habari nyingine kabisa. Tumbo linajaa, unashiba kwa matonge mawili, nyonga inauma, mkojo kila saa, na imeanza karibuni na inakuja karibu kila siku kwa wiki kadhaa, hasa kama umevuka 50, usikubali kupewa dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi, omba CA-125 na ultrasaundi, hapo ndo mahali pake. Ukija njoo na majibu yako ya zamani kama unayo, na uliza kwanza nyumbani nani aliugua kansa gani na akiwa na umri gani.