Je, wajua kwa nini mtani wako hukuita mtumwa wake?

Msibani Iringa, wakati wa kwenda kuzika, Mngoni anaweza kulikalia jembe la kuchimbia kaburi na kugoma kuinuka mpaka alipwe. Anamwimba marehemu kwa kejeli, anawaita wafiwa watumwa wake. Mhehe akienda Songea hufanya vivyo hivyo. Hakuna anayekwenda polisi.

Wangoni na Wahehe walipigana vikali kati ya 1878 na 1882, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Utani uliozaliwa baina yao ni sheria kamili, ingawa haikuandikwa popote: tusi limeruhusiwa, kisasi kimekatazwa, na mtani ana wajibu wa kukuzika. Kumbukumbu ya kutekana imehifadhiwa humo, ndani ya wimbo na kicheko, na mimi naona ni busara kubwa sana ya wazee wetu.

Lakini utani ni wa waliopigana. Mwanamke aliyetekwa vitani hakuwa na mtani wa kumlilia. Mke aliyetolewa mahari alikuwa na kaka na wajomba. Akionewa, wanakuja, kesi inaketi. Mateka hakutolewa ng'ombe, kwa hiyo barazani hakuwa na wa kumsemea. Watoto wake walihesabiwa ukoo wa baba, habari za kwao zikaishia kwake. Wazee wengi watakutajia mababu hadi kizazi cha tano. Ukiuliza bibi fulani alitoka kwa nani, kimya.

Serikali nayo ilichelewa kuufuta utumwa. Mwaka 1873 tuliokaririshwa shuleni ulifunga soko la watumwa la Zanzibar na biashara yao ya baharini tu. Huku bara Wajerumani waliuacha utumwa uendelee, wakitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, kisha wakatangaza kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 ni huru. Waliokwisha kuzaliwa utumwani wakabaki walivyo. Waingereza ndio waliokuja kuufuta kabisa Tanganyika, mwaka 1922.

Ndiyo maana simulizi ya Narwimba, mmoja wa wanawake waliotekwa, ni hazina. Aliisimulia uzeeni katika misheni ya Wamoravian, kusini magharibi mwa Tanzania, ikaandikwa: alivyotekwa, alivyohangaika kutafuta mtu wa kumlinda, alivyopigania watoto na wajukuu wake wasichukuliwe. Huyo hakuimbwa na mtu. Alijisemea mwenyewe.