Kabla Hujaandika "Sina Dai Lolote"

Iwe shamba la mkonge, kiwandani au bandarini, ajira nyingi hapa Tanga huishia kwenye karatasi moja: fulani amepokea shilingi kadhaa, hana dai lolote. Kuachana kwa makubaliano ni halali, na mara nyingi napendelea njia hiyo kuliko kesi. Jumla isiyo na mchanganuo ndiyo siikubali.

Chukua mshahara wa msingi wa 520,000 kwa mwezi, kazi siku sita kwa wiki. Gawanya kwa 26, unapata 20,000 kwa siku. Kiinua mgongo cha kisheria hakipungui mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10. Mwenye miaka 6 na miezi 9 anahesabiwa 6: 20,000 × 7 × 6, yaani 840,000. Hapo bado mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakwenda, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), na nauli yake na mizigo mpaka alikoajiriwa. Nauli hupotea kirahisi sana: mtu kaajiriwa Kasulu, kule Kigoma, mkataba unasema kaajiriwa Tanga. Kila kimoja kiandikwe mstari wake. Cheti cha utumishi nacho kitajwe. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haipatanwi. Angalia taarifa yako ya michango kabla ya saini.

Ukiambiwa uambatishe barua ya kujiuzulu, kataa. Kiinua mgongo hudaiwa mwajiri anapositisha ajira. Barua hiyo inasema umeondoka mwenyewe.

Halafu kuna siku 30. Anayepinga kuachishwa hupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku hizo, na mazungumzo ya ofisini hayazisimamishi. "Njoo wiki ijayo" mara nne, muda umekwisha, sasa unaanza kuomba uongezewe na kueleza kwa nini ulichelewa. Jaza fomu ya Tume huku mkiendelea kuongea. Mkipatana mbele ya msuluhishi, makubaliano hayo hutekelezwa kama amri ya mahakama. Karatasi ya ofisini haina nguvu hiyo.

Mwajiri naye asikimbize saini. Ampe mtu siku mbili tatu akamwonyeshe kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, la sivyo kesho atadai alishurutishwa, na huenda akasikilizwa.

Malipo yakiwa ya awamu, andikeni tarehe, kiasi na akaunti, kisha sentensi hii: awamu moja ikipita bila kulipwa, salio lote linadaiwa siku hiyo hiyo.