Mtoto Kiziwi Katika Nyumba ya Wanaosikia

Zaidi ya watoto viziwi tisa kati ya kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Wengi wa wazazi hao hawajawahi kukaa na kiziwi hata saa moja mpaka siku wanapopewa majibu ya kipimo. Mtoto mwingine yeyote huikuta lugha ya nyumbani ikimsubiri, iwe Kisukuma, Kihaya au Kiswahili cha uswahilini. Mtoto kiziwi huzaliwa katika nyumba iliyojaa maneno, na hakuna hata moja linalomfikia. Wazazi ndio wanaopaswa kutoka nje kuitafuta lugha yake na kuileta ndani, tena wakiwa bado na mshtuko wa majibu.

Adui wa kwanza ni muda. Upimaji wa usikivu kwa watoto wachanga bado haujaenea katika hospitali zetu, kwa hiyo mara nyingi uziwi hugunduliwa mtoto akifika umri wa kuongea na haongei. Hata hapo hupita miezi ya kufarijiana: "Anachelewa tu, mbona hata baba yake alichelewa." Wapo wanaopelekwa kukatwa chini ya ulimi, wapo wanaofungwa hirizi, wapo wanaoombewa. Sina ugomvi na maombi. Ninachowaomba wazazi ni kwamba wakati wanaomba, waende pia kliniki ya masikio, pua na koo. Mtoto asiyeshtuka mlango ukibamizwa, au aliyefika miezi sita bila kugeukia sauti ya mama yake, apimwe. Vivyo hivyo aliyezaliwa njiti, aliyepata umanjano mkali siku za mwanzo, aliyeugua homa ya uti wa mgongo au aliyetibiwa kwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Na msisubiri majibu ndipo muanze kuongea naye kwa mikono. Ikija kuonekana kwamba anasikia, hakuna atakachokuwa amepoteza.

Ubongo wa mtoto mchanga hauna upendeleo kati ya mdomo na mikono. Mwaka 1991 watafiti Laura Petitto na Paula Marentette walionyesha kwamba watoto viziwi wanaolelewa na wazazi viziwi hubwabwaja kwa vidole katika umri uleule ambao wenzao wanaosikia hubwabwaja kwa sauti. Hiyo ilikuwa habari ya watoto waliobahatika kuikuta lugha nyumbani. Habari inayotuhusu zaidi ilitoka Marekani mwaka 2021. Naomi Caselli na wenzake walifuatilia msamiati wa watoto viziwi wa wazazi wanaosikia, yaani wazazi ambao wenyewe walikuwa wanajifunza lugha ya alama. Walioanza kuiona lugha hiyo kabla ya kutimiza miezi sita walikuza msamiati kwa kasi inayolingana na umri wao. Waliochelewa zaidi ya hapo, kwa wastani, walibaki nyuma katika alama walizoweza kuzitumia wenyewe.

Kwa hiyo mzazi anaposema, "Mimi mwenyewe sijui, nitamfundisha nini?", jibu ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja hahitaji mhadhara. Anahitaji maziwa, lala, baba, moto, paka, bado, njoo, imeisha. Mzazi anayejua alama ishirini leo yuko mbele ya mwanawe, na akiongeza chache kila wiki atabaki mbele kwa muda mrefu tu. Kosa la kisarufi la mama halimharibu mtoto, kama ambavyo Kiswahili cha kuchanganya hakijamharibu mtoto yeyote wa mjini. Hasara kubwa ni mama kunyamaza mpaka ajue vizuri.

Kila nyumba yenye mtoto kiziwi hubuni alama zake, na ni vizuri. Ila zina mwisho wake. Kuonyesha kikombe kwa kidole kunatosha kuomba maji. Hakutoshi kumweleza mtoto kwamba maji ya jana yalikuwa ya chumvi, kwamba akimwaga haya hakuna mengine mpaka kesho, au kwamba baba aliahidi ndoo mpya akilipwa. Jana, kesho, kwa sababu, ikiwa, ahadi: hayo yanataka lugha kamili, na lugha kamili haitengenezwi na mtu mmoja na mama yake. Huko Nikaragua, mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi waliokusanywa katika shule za Managua walifika kila mmoja na alama za kwao, na kwa kukaa pamoja miaka kadhaa wakaunda lugha mpya. Walihitaji kuwa wengi. Mwanao pia anahitaji wengi, na bahati nzuri hapa kwetu lugha ipo tayari.

Hiyo ndiyo Lugha ya Alama ya Tanzania. Si Kiswahili cha mikono. Ina sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo iko usoni, kwenye nyusi, macho na midomo, ndiyo maana mzazi anayesaini, yaani anayeongea kwa alama, akiwa amekaza uso kama yuko kwenye picha ya kitambulisho huwa haeleweki. Kenya wana yao, wanayoiita lugha ya ishara, na Uganda wana yao. Walio mipakani, Namanga au Horohoro, wachague ile wanayoitumia viziwi watakaokuwa karibu na mtoto.

Kinachowashinda wengi, hata hivyo, si alama. Ni macho. Mama anayesikia amezoea kuongea huku anamenya viazi na mtoto akichezea vifuniko vya chupa, na maneno yanafika tu. Mtoto kiziwi akimwangalia mbuzi hawezi wakati huohuo kukuangalia wewe unayemwambia huyo ni mbuzi. Wazazi ambao wenyewe ni viziwi wana ustadi katika hili na unastahili kuigwa. Wanasubiri. Mtoto anamtazama mbuzi mpaka atosheke, anageuka kuutafuta uso wa mama, na hapohapo mama anasaini: mbuzi, anakula, mahindi. Kisha wanamwacha aangalie tena. Akiwa amezama kwenye kitu, wanaupeleka mkono mpaka mbele ya macho yake na kusaini hapo, au wanaifanya alama juu ya mwili wake mwenyewe, au wanakileta kitu karibu na uso wao ili aone vyote viwili. Kumwita wanamgusa bega au kupunga mkono pembeni ya macho yake. Kumshika kidevu na kumgeuza kwa nguvu, jambo ambalo wanaosikia tunalifanya sana, kunayageuza mazungumzo kuwa ugomvi, na mtoto hujifunza kufumba macho. Akifumba macho amekushinda.

Halafu kuna mbeleko. Mtoto anayesikia akiwa mgongoni anafuata kila kitu: mama anamsalimia jirani, anapatana bei ya nyanya, anaimba. Kiziwi akiwa mgongoni anaona kisogo cha mama. Siwaambii akina mama waache kubeba mgongoni, maana shamba na ndoo havisubiri. Nasema tu kwamba ukisimama kuongea na mtu, au ukimaliza kazi, msogeze ubavuni au mbele, aone uso wako na wa mwenzako, na umwambie huyo ni nani.

Na mwanga. Umeme ukikatika wanaosikia wanaendelea na hadithi gizani. Kwa kiziwi mazungumzo yameisha. Taa ya sola au tochi iwekwe mahali inapomwangaza anayeongea, isiwe nyuma yake. Mchana usimwongeleshe ukiwa umeupa mlango mgongo, maana atakuona kama kivuli. Na kabla ya kuzima taa usiku mwambie unakwenda wapi na nani amebaki chumbani. Watoto viziwi wengi wanaosemekana ni waoga wa giza wana sababu ya maana kabisa.

Sasa tuje kwenye sinia la chakula, kwa sababu hapo ndipo upweke wa mtoto huyu unapoonekana vizuri kuliko mahali popote. Watu saba wamezunguka sinia, wanacheka. Mtoto anamvuta mama: kuna nini? Mama anamjibu kwa mkono, "Baadaye," au "Si kitu." Hiyo baadaye haiji. Mtoto anayesikia hafundishwi mambo mengi anayoyajua, ameyaokota. Ameokota kwamba mjomba anadaiwa, kwamba shangazi anaolewa baada ya mavuno, kwamba babu amezidiwa. Kiziwi haokoti. Siku babu anapofariki yeye anaona turubai, sufuria kubwa na wageni, na kama hakuna aliyemweleza anaweza kudhani ni harusi, akacheza, akachapwa, asijue kwa nini. Anayeketi karibu naye kwenye sinia ampe angalau kiini cha kila kinachosemwa. Nusu ya mazungumzo ni bora mara elfu kuliko "si kitu".

Mzigo huu kwa kawaida humwangukia mama peke yake, au dada wa miaka tisa ambaye anageuka mkalimani wa nyumba nzima mpaka hospitalini, akitafsiri mambo ambayo mtoto hapaswi kuyabeba. Akina baba wengi wanajua alama tatu: njoo, acha, nitakuchapa. Wengine wanajitetea kwamba kazi zinawaweka mbali. Simu zina video, na mtoto kiziwi anafurahia kupigiwa simu ya video kama mwingine yeyote, mradi anayepiga ana la kusema. Mfundisheni pia mapema majina ya sehemu zote za mwili, pamoja na "hapana", "nani" na "inauma". Mtoto asiye na lugha hawezi kueleza panapouma, wala hawezi kumtaja aliyemfanyia ubaya, na wanaowawinda watoto wanalijua hilo.

Wazazi huuliza kama alama zitamzuia asijifunze kuongea. Hapana. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza kwa upasuaji vifaa vya kusaidia kusikia, na wapo watoto wanaonufaika na shimesikio za kawaida, zile zinazovaliwa sikioni tu. Atakayepata kifaa apate. Lakini kifaa kinahitaji mazoezi ya miaka, betri, matengenezo na safari za hospitali, na hakimfai kila mtoto. Wakati foleni inasogea, ubongo wake unataka lugha leo. Anayefika kwenye kifaa akiwa tayari ana lugha kichwani ana mahali pa kuzishikiza sauti mpya.

Elimu kwa lugha ya alama ni haki. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi ziwezeshe watoto kujifunza lugha hiyo. Kenya iliitaja lugha yao katika Katiba ya mwaka 2010, na bungeni ni lugha rasmi sawa na Kiswahili na Kiingereza.

Kuhusu shule: ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Leo ziko nyingine, na kuna vitengo katika baadhi ya shule za msingi za kawaida, lakini kwa familia nyingi shule maana yake ni bweni la mbali. Mtoto anaondoka akiwa na miaka sita au saba bila lugha, anaipata kule kwa wenzake, anarudi likizo na mambo chungu nzima ya kusimulia, na nyumba nzima hakuna wa kusimuliwa. Likizo ya tatu au ya nne anaanza kuuliza shule inafunguliwa lini. Wazazi hulalamika kwamba bweni limemchukua mtoto, kumbe lugha ndiyo iliyomchukua, nao hawakuifuata.

Wenye mtoto bweni wamwombe mwalimu wa darasa awatumie kwa simu video fupi za alama wanazojifunza wiki hiyo, wengi hukubali. Zamani kila shule ilikuwa na alama zake, na hata sasa tofauti zipo, kwa hiyo jifunzeni zile za shule ya mwanenu. Muulizeni jina lake la alama, yaani alama ambayo wenzake humwitia, maana huko ameshapewa, mlitumie nyumbani, naye awape ninyi yenu.

Na ambao mtoto wao bado mdogo waanzie Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ambacho kina matawi mikoani na kilitoa kamusi ya alama mwaka 1993. Waulize nani hufundisha wazazi na lini viziwi wa mji huo hukutana, kisha waende na mtoto. Pale ambapo tawi liko mbali, mwalimu wa kitengo cha viziwi kilicho jirani atawaelekeza kwa fundi cherehani, seremala au mama lishe kiziwi aliye karibu nao. Mkaribisheni nyumbani Jumapili, ale na ninyi, na muda wake wa kufundisha mumlipe.