Maji yanatoka nyuma, basi injini iko poa? Dhana potofu kuhusu kupoza injini za zamani za boti

Naongelea dizeli ile iliyofungwa tumboni mwa boti, sio mashine ya kuning'iniza kwenye tezi. Ya kwangu ni Yanmar 2GM20, silinda mbili, ya zamani, na nimehangaika nayo mpaka njia yake ya maji naijua hata gizani: maji yanaingia kwenye koki chini ya boti, yanapita kwenye chujio, yanavutwa na pampu yenye impela (kigurudumu chenye meno) ya mpira, yanazunguka kwenye bloku (mwili wa injini), halafu yanamwagwa kwenye kiwiko cha egzosi, yanachanganyika na moshi na kutoka nyuma. Zipo zenye herufi F mwishoni, hizo zina maji yake ya ndani kama gari, na maji ya bahari yanapita tu kwenye kipozeo kuyapoza yale ya ndani. Ukishaielewa hiyo njia utaona mengi tunayoambiana ufukweni hayako sawa kabisa.

DHANA: "Maji yanatoka nyuma, kwa hiyo inapoza vizuri."

Hii ndio inayoniumiza zaidi, manake mtu anachungulia nyuma, anaona maji yanatemwa, anaongeza moto (yaani mwendo wa injini) anaondoka. Swali sio yanatoka au hayatoki, swali ni yanatoka mangapi. Impela iliyokatika meno mawili bado inasukuma maji, mpira wa maji (hosi) ulioziba nusu bado unapitisha, na injini ikinguruma tu bila mzigo haitengenezi joto kubwa kwa hiyo hayo machache yanaitosha. Balaa linaanza ukishatoka nje ya mwamba, una abiria, una mkondo mbele yako, umekandamiza.

Dawa yake ni kupima. Siku injini yako iko nzima chukua ndoo ya lita 10, kinga maji ya egzosi kwa nusu dakika kwa mzunguko fulani wa injini, angalia ndoo imefika wapi, na uandike kwa maka peni kwenye ukuta wa chumba cha injini. Kinga upande ambao hutavuta moshi wala hutadondoka majini. Baada ya miezi kadhaa pima tena kwa mzunguko ule ule, ikishuka unajua kuna kitu kabla hata geji haijapanda. Na sikio lisikudanganye: egzosi inayopata maji inaunguruma nzito na yenye unyevu, ikianza kulia kikavu na kwa kelele, zima. Mpira wa egzosi nao unatakiwa ushikike kwa mkono, ukikuunguza maana yake maji hayafiki.

DHANA: "Geji haijapanda, usiwe na wasiwasi."

Sensa ya joto inasoma vizuri ikiwa imezama majini. Maji yakikimbia ikabaki kwenye hewa na mvuke, geji inaweza kukuonyesha kawaida huku kichwa cha injini kinapikika. Yaani geji ni shahidi mmoja tu, egzosi ni shahidi wa pili, na mimi namuamini zaidi huyu wa pili.

DHANA: "Nimeifungua pampu, impela ni nzima."

Nzima kwa macho. Katikati ya impela kuna kichuma cha shaba kinachokamata shafti (mhimili unaoizungusha) na mpira umegandishwa juu yake, sasa kwa uzee ule mgando unaachia, shafti inazunguka na kichuma chake lakini mpira unateleza. Ukiitoa mezani inaonekana mpya. Shika kichuma kwa plaizi ujaribu kuuzungusha mpira kwa nguvu, ukiona unateleza tupa. Kunja pia kila jino, uangalie mizizini kama kuna nyufa. Halafu angalia kifuniko cha pampu kwa ndani, kama kimechimbika mduara impela haibani tena na pampu inashindwa kuvuta. Vifuniko vingi unaweza kuvigeuza upande wa pili ambao bado ni laini ukapata muda wa kutafuta kipya.

Na jambo lililonitesa mimi mwenyewe. Tulikuwa tunatoka Nyamisati kwenda Mafia, maji ya pale yana tope la Rufiji na tope linasaga impela, joto likaanza kupanda. Nikafungua, meno matatu hayapo, nikafunga impela mpya, tukaondoka, ikachemsha tena. Nilikuwa nimesahau kujiuliza yale meno matatu yameenda wapi! Mawili niliyakuta yamekwama kwenye kona ya mpira mbele ya pampu, la tatu lilikuwa limeingia kabisa kwenye mdomo wa bloku. Kwa wenye kipozeo, yanaenda kuziba mirija yake midogo. Kwa hiyo ukikuta impela imekatika, panga vipande vyote juu ya kitambaa mpaka impela itimie, kisichotimia kitafute kwenda mbele.

DHANA: "Pampu haivuti, pampu mbovu, nunua nyingine."

Kabla hujatoa hela chomoa mpira kwenye koki (koki ukiwa umeshaifunga, tafadhali) uutumbukize kwenye ndoo iliyojaa maji ya bahari halafu washa. Ikivuta vizuri, shida iko chini: mfuko wa plastiki umejibandika, au magamba ya baharini yameota ndani ya tundu la kuingizia. Mifuko ilipigwa marufuku Tanzania 2019 na Kenya 2017 lakini ile ya zamani bado inaelea. Isipovuta, usikimbilie pampu bado. Upande wa kuvuta hauvuji maji nje, unaingiza upepo ndani, kwa hiyo hutaona hata tone. Mfuniko wa chujio wenye oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyokauka unatosha kuua mvuto wote. Na kuna mpira wa maji ambao nje unapendeza lakini ndani umelegea, ukiongeza moto unanywea kama mrija wa soda, ukipunguza unarudi. Upande wa kuvuta weka mpira wenye waya ndani. Kama pampu inazungushwa na mkanda, bonyeza mkanda kwanza uone kama umelegea.

DHANA: "Toa thamostati (valvu inayofunguka maji yakipata joto), itapoa zaidi."

Mafundi wengi wanafanya hivi na wanamaanisha vizuri. Lakini injini nyingi zina njia ya pembeni ya maji isiyopita kwenye bloku, na thamostati kazi yake ni kugawa maji, ukiitoa sehemu ya maji inakatiza bila kupita kwenye bloku, ndio maana wengine wanaitoa na injini inazidi kuchemsha kwenye mzigo. Na ikikaa baridi mno dizeli haiungui vizuri, masizi yanajaa, na masizi yanaenda kuziba kile kiwiko cha egzosi, ambacho ukikifungua kwenye injini ya zamani unaweza kukuta tundu limebaki la kupitisha kidole kimoja. Cha kuongeza: zile zinazopozwa na bahari moja kwa moja zinatumia thamostati inayofunguka nyuzi 42 hivi, zenye maji ya ndani ni 71. Dukani zinafanana. Ukifunga ya 71 kwenye injini ya maji ya bahari, chumvi itaganda ndani.

Kuhusu kusafisha hayo magando kwa asidi ya betri, hapana. Ikikutana na chokaa inatengeneza jasi ambayo haiyeyuki, na chuma inakila. Tumia asidi ya ndimu ya unga kwenye maji vuguvugu, pole pole, kisha suuza vizuri.

DHANA: "Imechemsha, imwagie maji ya baridi."

Utapasua kichwa. Kama bado inazunguka punguza moto ikae bila mzigo dakika chache, lakini kama maji hayatoki kabisa zima, tia nanga, subiri. Mfuniko wa maji ya ndani usiuguse mpaka ushikike.

La mwisho linatokea baada ya matengenezo, fundi anataka injini iwake, anapiga stata, haiwaki, anapiga tena na tena huku koki iko wazi. Kila ikizungushwa pampu inasukuma maji kwenye egzosi, moshi haupo wa kuyatoa, boksi la egzosi (linalokusanya maji na moshi) linajaa, maji yanarudi kupitia valvu mpaka kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa, konrodi (mkono wa chuma unaoshika pistoni) inapinda. Ikigoma mara ya pili funga koki, endelea kupiga stata, na ikiwaka tu fungua hapo hapo kabla impela haijaungua kwa ukavu. Mimi funguo ya boti nimeifunga kwenye mpini wa koki, nisiposhika koki siwezi kuwasha.