Mama wa miaka 52 anapopoteza hesabu ya mawese

Sokoni Mwanga, Kigoma, muuza mawese mzoefu haandiki. Anajua kichwani nani kachukua dumu kwa mkopo, nani kalipa nusu, na galoni ngapi zimebaki stoo. Mama ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Nimeunganisha habari za familia kadhaa ili asitambulike mtu, lakini kila jambo ninaloliandika hapa tumelisikia kliniki kwetu.

Alipofika miaka 52 akaanza kumrudishia mteja mmoja chenji mara mbili. Akapika maharage akasahau chumvi, kesho yake akatia chumvi mara tatu. Kila mtu akawa na maelezo yake. Wenzake wa kikoba walisema anakula hela. Mumewe alisema ana mwanaume anayempa pesa. Watoto wakasema ni mawazo, au ni kukoma hedhi. Majirani wakasema kafanyiwa kitu, maana biashara yake ilikuwa inawaka. Miaka miwili ikapita hivyo. Ndani yake alifukuzwa kikoba, alipigwa nyumbani, alinyweshwa kombe, na alipelekwa kwa waganga wawili. Hakuna aliyempeleka kupima hata presha.

Mama huyu alikuwa na demensia, na hapo ndipo ugonjwa huu unapouma zaidi ukimpata mtu ambaye bado hajazeeka. Bibi wa miaka 80 akisahau, watu husema ni uzee, wanamvumilia. Mtu wa miaka 50 akisahau, watu hutafuta kosa lake.

Demensia ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo polepole, yakagusa kumbukumbu, lugha, uamuzi na tabia. Ikianza kabla ya miaka 65 tunaiita demensia ya mapema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na hadi asilimia 9 ya wagonjwa huanza kuugua kabla ya umri huo. Wala si jambo la leo. Daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer, ambaye jina lake limepewa aina inayoongoza kwa wagonjwa, alianza kumchunguza Auguste Deter mjini Frankfurt mwaka 1901. Mwanamke huyo alikuwa na miaka 51. Yaani mgonjwa wa kwanza kabisa wa aina hiyo kuelezwa alikuwa rika la mama yetu wa mawese, si ajuza.

Tena kwa watu wa umri huu si lazima ugonjwa uanze kwa kusahau. Yupo baba mpole anayeanza kutukana, kuchukua nyama kwenye sahani ya mgeni, kugawa pesa ovyo, bila kuona aibu. Kumbukumbu yake bado nzima, ndiyo maana nyumbani wanaapa kwamba anafanya makusudi. Yupo anayemimina chai pembeni ya kikombe, akabadilisha miwani mara tatu, kumbe macho ni mazima, tatizo liko kwenye sehemu ya ubongo inayotafsiri kile macho yanachokiona. Yupo mwalimu anayepotea njia ya shule aliyofundisha miaka 15, akaandikiwa barua za utoro. Kwa mtumishi kama huyo nasisitiza: barua ya daktari imfikie mwajiri kabla ya barua ya kufukuzwa kazi kuandikwa, na familia iulizie mapema mafao ya ulemavu kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii. Msamaha wa matibabu wa wazee hautamhusu, kwa sababu huo ni wa kuanzia miaka 60. Asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii hospitalini.

Kwa nini nasema msingoje? Kwa sababu si kila anayefanana na mgonjwa wa demensia anayo. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kidogo, akili huzorota. Upungufu wa vitamini B12 hufanya hivyo. Kaswende ya miaka mingi iliyofika kwenye ubongo, Virusi vya UKIMWI visivyotibiwa, sonona, pombe kali ya muda mrefu, hata damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka kwenye bodaboda mwezi mmoja uliopita. Hayo yote yanapimika, na mengi yakitibiwa mapema mtu hupata nafuu kubwa. Presha na kisukari navyo vipimwe, kwa kuwa vikiachwa huziba mishipa midogo ya ubongo. Dua iendelee, sina ugomvi nayo. Lakini iendelee wakati damu iko maabara.

Ikithibitika ni demensia, sitawadanganya: kwa aina nyingi hakuna dawa ya kuiponya. Zipo dawa zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, daktari ndiye ataamua. Ninachoomba sana ni kuacha kununua vidonge vya kumlaza. Nyumba nyingi humpa mgonjwa Piriton usiku ili apate usingizi. Dawa ile kwenye ubongo unaougua huongeza kuchanganyikiwa, na Valium nayo humwangusha. Akikesha, tuambieni.

Kazi kubwa basi inabaki nyumbani, na ndiko nimejifunza mengi kuliko darasani. Jua la Kigoma huzama kuelekea saa moja jioni, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Kuanzia saa kumi na moja hivi, mama huyu husimama, akajifunga khanga, akasema anarudi kwao. Yupo kwake, nyumba aliyoijenga kwa mawese. Binti yake alikuwa akimwambia, "Mama, si hapa ndipo nyumbani?" na kila siku ilikuwa kelele na machozi. Tukamshauri aache kubishana. Sasa humjibu, "Haya mama, twende nikusindikize." Wanazunguka hadi msikitini, wanasalimia watu, wanarudi. Mlangoni binti husema, "Karibu mama, tumefika," na mama huingia. Wengine huniuliza kama huko si kumdanganya mzazi. Naona sivyo. Anachotafuta ni utulivu aliowahi kuuonja mahali fulani, labda kwa mama yake, na binti humpa utulivu huo.

Mchana hupewa maharage achague mawe. Mikono yake inakumbuka kazi hiyo kuliko kichwa chake. Akimaliza binti humshukuru, jioni akayachanganya tena kwa ajili ya kesho.

Jiko la mkaa na panga viwe mbali naye. Namba ya siri ya simu ya pesa ibadilishwe. Mambo ya kiwanja, madeni na wosia yazungumzwe angali anaelewa anachokisema, mbele ya mashahidi, asije ndugu mmoja akamwekesha dole gumba baadaye. Na mwenyekiti wa mtaa ajue, vijana wa kijiwe cha bodaboda wajue, wavuvi wajue kama mnaishi karibu na maji. Hili la kuwaambia watu wengi hulionea aibu, lakini kanda hii ya magharibi tunajua watu, wanawake hasa, waliouawa kwa kudhaniwa wachawi. Mama anayekutwa uani kwa mtu saa nane usiku, hawezi kujieleza, anahitaji majirani waliokwisha kuelezwa.

Binti huyu alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake sasa imefunikwa, uzito umemshuka, na kaka yake aliye Dar es Salaam hutuma pesa kila mwezi akidhani amemaliza wajibu. Nilimwomba aje wiki mbili. Alikuja, akalala siku nne tu peke yake na mama yake, akanipigia simu usiku akilia. Tangu hapo zamu zimepangwa upya, na shangazi huchukua Jumamosi na Jumapili. Watoto pia huniuliza kwa kunong'ona kama na wao watarithi. Kwa wengi jibu ni kwamba hairithiwi moja kwa moja. Ziko familia chache ambamo inashuka kizazi hadi kizazi na kuwapata watu ambao bado hawajazeeka, kwa hiyo kama babu na mjomba nao walianza wakiwa na miaka 40, semeni.

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, ombeni rufaa hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa, Maweni, na ikibidi Bugando kule Mwanza. Njooni na dawa zote anazotumia kwenye mfuko, za hospitali na za miti shamba. Njooni na daftari mlilomwandikia mambo yaliyobadilika na mwezi yalipoanza. Na aje yule anayelala naye nyumba moja, hata kama anayelipa nauli ni mwingine.