Sentimita mbili zinazobadili takwimu za udumavu

Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Utafiti wa 2015/16 ulipata 34, na ule wa 2010 ulipata 42. Namba hizi zina nguvu kubwa. Wakuu wa mikoa huulizwa juu yake kwenye vikao vya mkataba wa lishe, halmashauri hutengewa fedha kwa kuziangalia, na miradi hufunguliwa au kufungwa kwa sababu yake. Hapa nataka kueleza zinakozaliwa: juu ya ubao wa kupimia urefu uliowekwa uani, mtoto analia, watu wawili wameinama wanasoma utepe. Pale panapokosewa, hakuna programu ya kompyuta itakayokuja kuparekebisha baadaye.

Mtoto huhesabiwa amedumaa pale urefu wake unapokuwa chini ya alama hasi 2 katika viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006. Alama huonyesha mtoto yuko hatua ngapi juu au chini ya katikati ya viwango kwa umri na jinsia yake: sifuri ni katikati yenyewe, hasi ni chini yake. Viwango hivyo vilitokana na watoto waliolelewa katika mazingira mazuri katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Mvulana wa miezi 12 aliye katikati ya viwango ana sentimita 75.7, na mpaka wa udumavu kwa umri huo ni 71.0. Akifika miezi 24, akipimwa amelala, katikati ni 87.8 na mpaka ni 81.7. Kwa hiyo alama moja ni kama sentimita 2.4 mtoto akiwa na mwaka mmoja, na kama sentimita 3 akiwa na miwili. Ziweke kichwani hizo, maana hoja yote inazitegemea.

Watu wengi wanaosimamia tafiti huamini kwamba makosa ya upimaji hufutana: huyu kazidishiwa sentimita moja, yule kapunguziwa moja, mwisho wa siku mambo yako sawa. Kwa wastani wa urefu ni kweli. Kwa asilimia ya waliodumaa si kweli hata kidogo, na hapa ndipo penye shida yenyewe.

Chukua eneo ambalo wastani wa alama za watoto ni hasi 1.4. Kama mtawanyiko wa alama hizo, yaani mchepuko sanifu, kipimo cha jinsi zinavyoachana na wastani, ni 1.0, watakaoangukia chini ya hasi 2 ni asilimia 27. Sasa acha watoto wale wale, na urefu wao ule ule, lakini wapimwe na timu isiyo makini mpaka mtawanyiko ufike 1.2. Udumavu unakuwa asilimia 31. Ukifika 1.5 unakuwa 34. Wastani haujasogea na hakuna mtoto aliyefupika. Kilichotokea ni kwamba upande wa juu wa mpaka kuna watoto wengi kuliko upande wa chini, hivyo makosa yanawasukuma wengi zaidi kuvuka kwenda chini kuliko yanayowarudisha juu.

Kwa udumavu mkali, ule wa chini ya hasi 3, hali ni mbaya zaidi: katika mfano huo huo, asilimia 5.5 inageuka 9, kisha 14. Kwa ukondefu, yaani uzito mdogo kulingana na urefu, ambao Tanzania ni asilimia chache tu, ongezeko dogo la makosa linaweza kuifanya namba iwe mara mbili, na bajeti ya chakula dawa, kile cha kutibu watoto wenye utapiamlo mkali, ikafuata namba hiyo.

Kuna upande mwingine ambao husahaulika. Katika mkoa ambao zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, kama Iringa ilivyoonekana mwaka 2022, makosa yale yale huvuta namba kurudi kuelekea 50. Huko upimaji mbovu unaficha ukubwa wa tatizo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kosa linaegemea upande mmoja nchi nzima, ukalipunguza kwa kutoa asilimia fulani kila mahali.

Ni kosa kubwa kiasi gani linalotosha kupandisha mtawanyiko kutoka 1.0 hadi 1.2? Kwa mtoto wa miaka miwili, kosa la kawaida la kama sentimita 2 linatosha. Sentimita mbili ni magoti yaliyokunjwa kidogo. Ni mafundo ya nywele za kusuka. Ni umri uliokosewa kwa miezi miwili.

Nianze na ubao. Ubao wa mbao hufanya kazi vizuri, lakini huvimba kwa unyevu wa masika, na kile kibao kinachoteleza hulegea kwa kubebwa juu ya bodaboda wiki tatu mfululizo. Kila asubuhi kabla ya kutoka, pima fimbo ya urefu unaojulikana, kwa mfano sentimita 110, na uandike matokeo. Ukiona imepotoka zaidi ya milimita 2, mimi ninasema ubao huo usitoke. Mizani nayo iwekewe jiwe la kilo 5 au 10. Kazi yote hiyo haizidi dakika tano.

Mtoto aliye chini ya miezi 24 hupimwa amelala. Kuanzia miezi 24 husimama. Tofauti ya mikao hii miwili ni sentimita 0.7, kwa sababu mwili uliosimama hujibana. Wa miaka miwili na nusu akigoma kusimama, mlaze, kisha andika kwamba amelala, ili programu ya uchambuzi imtoe 0.7. Wa miezi 18 akisimamishwa, ataongezewa 0.7. Kinachoharibu ni kumlaza na kusahau kubadili mkao ulioandikwa kwenye kishikwambi.

Kulaza mtoto ni kazi ya watu wawili, na mama ni wa tatu. Ubao ukae chini mahali tambarare. Mkeka mnene chini yake huufanya uyumbe. Kabla ya yote, vua viatu, soksi, kofia na kilemba, na kama nywele zimesukwa juu ya utosi, muombe mama azifungue. Akikataa, na ana haki ya kukataa, andika hivyo kwenye maelezo. Msaidizi hupiga magoti nyuma ya kichwa cha ubao na kukishika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili juu ya masikio, utosi ukigusa kibao cha kichwani, macho yakitazama juu kabisa. Ukichora mstari kutoka tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa jicho, mstari huo uwe wima kuelekea mbinguni. Kidevu kikiinuka, urefu unapotea. Mama asimame pale mtoto anapoweza kumwona, amsemeshe.

Mpimaji hukaa ubavuni. Mkono wa kushoto unabonyeza miguu juu kidogo ya vifundo au kwenye magoti, kwa uthabiti bila kuumiza, mpaka nyuma ya magoti iguse ubao. Mkono wa kulia unasukuma kibao mpaka kiguse nyayo zote mbili, vidole vikiwa vimeelekea juu. Hapa kuna sekunde moja au mbili tu mtoto anapotulia kati ya teke na teke, na mpimaji mzuri ni yule anayeisubiri sekunde hiyo. Asome macho yakiwa juu ya mstari wenyewe, kwa sababu akisoma kwa pembeni anaongeza au kupunguza milimita 3 au 4. Anataja kwa sauti: “Sabini na nne nukta tatu.” Msaidizi anarudia, anaandika, anamwonyesha mpimaji alichoandika. Kurudia huko si mapambo: 74.3 na 47.3, au 74.3 na 73.4, hubadilishana kwa wepesi wa kushangaza saa tisa mchana kwenye kaya ya kumi na mbili.

Umri ndio ninaouogopa kuliko ubao. Mvulana wa miezi 12 akiandikwa 13, mpaka wa udumavu unaruka kutoka 71.0 hadi 72.1, yaani mwezi mmoja wa kosa ni karibu nusu ya alama. Kadi ya kliniki ikiwepo, nakili tarehe kutoka kwenye kadi yenyewe, usichukue ya mdomo. Angalia kama tarehe ya kuzaliwa inapatana na ya chanjo ya kwanza. Kadi iliyoandikwa upya baada ya ya zamani kupotea mara nyingi ina tarehe ya kukisia.

Pasipo kadi, kuuliza “Mtoto ana umri gani, mama?” kutakupa jibu la “Ana mwaka na nusu” au “Ametimiza miwili,” na ukichora grafu ya majibu hayo utaona milima kwenye miezi 12, 24, 36 na 48. Hapo inatakiwa kalenda ya matukio, nayo iandaliwe kabla na watu wa eneo husika. Matukio ya kitaifa huweka nguzo: uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020, kifo cha Rais Magufuli tarehe 17 Machi 2021, sensa ya tarehe 23 Agosti 2022. Katikati ya nguzo hizo yanajazwa ya kijijini: mafuriko yaliyobomoa daraja, mwezi mahindi yalipovunwa, Ramadhani, kuhama kwa mwalimu mkuu. Mazungumzo yanakuwa hivi: “Makarani wa sensa walipopita, huyu alikuwa amezaliwa?” “Alikuwa tumboni.” “Mlikuwa mmeshavuna alipozaliwa?” “Tulikuwa tunapanda.” Kwa maswali mawili umetoka kwenye “mwaka na nusu” na kufika kwenye tarehe ya kuzaliwa isiyokosewa kwa zaidi ya mwezi mmoja au miwili. Yanachukua dakika nne zaidi, na ndizo dakika za kwanza kukatwa pale idadi ya kaya kwa siku inapopandishwa.

Kabla timu haijaingia uwandani, kila mpimaji afanye jaribio la usanifishaji: watoto 10, kila mmoja apimwe mara mbili na mpimaji yule yule, kwa kupishana angalau nusu saa, bila kuona karatasi ya mara ya kwanza. Chukua tofauti ya vipimo viwili kwa kila mtoto, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, gawa kwa 20, yaani idadi ya vipimo vyote, tafuta kipeo cha pili. Utakachopata ni kosa la kawaida la mpimaji huyo. Tuseme tofauti ni 0.2, 0.4, 0.1, 0.6, 0.3, 0.5, 0.2, 0.8, 0.3 na 0.4. Jumla ya miraba ni 1.84, ukigawa kwa 20 ni 0.092, kipeo chake ni sentimita 0.30. Huyo amefaulu vizuri. Wengi wetu tunakubali chini ya 0.4, tunavumilia hadi 0.6, na anayezidi hapo hurudi mazoezini au hupewa kazi ya msaidizi. Jaribio hili lina upofu wake: mtu anayeacha kichwa kiinuke kwa watoto wote atapata alama nzuri ya kurudia kosa lake. Ndiyo maana vipimo vyake vilinganishwe pia na vya mkufunzi.

Data zikianza kuingia, usisubiri mwisho wa mwezi. Kila jioni msimamizi aangalie tarakimu ya mwisho ya vipimo vya kila timu. Kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 inatakiwa itokee karibu mara moja katika kumi. Timu ambayo theluthi ya vipimo vyake inaishia na .0 au .5 inakadiria, haisomi. Kisha aangalie mtawanyiko wa alama kwa kila timu peke yake. Timu moja ikiwa na 1.5 na jirani zake wana 1.1, tatizo liko kwenye timu, haliko kwa watoto. Na asubuhi yake, kaya moja katika kumi irudiwe na mtu mwingine asiyeona kipimo cha kwanza.

Kusafisha data mwishoni hakuokoi kitu. Kanuni ya kawaida hufuta alama za urefu zilizo nje ya hasi 6 na chanya 6. Hizo ni zile za mtoto wa miaka mitatu aliyeandikwa sentimita 49. Kosa la sentimita 2 halifiki huko; linabaki ndani, limevaa sura ya mtoto wa kweli.

Hapo ndipo mfano wangu unapogusa siasa. Ukienda kutoka mtawanyiko wa 1.5 hadi 1.2 kwa sababu ya mafunzo bora tu, udumavu unashuka kutoka 34 hadi 31. Sisemi kwamba kushuka kwa Tanzania kutoka 34 hadi 30 kumetokana na hilo. Mteremko ule ulianza zamani, na safari ya kutoka 42 ni ndefu mno kuelezwa na ubao pekee. Ninachosema ni kwamba asilimia peke yake haiwezi kukuonyesha lipi limetokea. Wastani wa alama unaweza. Wastani ukipanda, watoto wamerefuka. Ukibaki palepale huku asilimia ikishuka, yaelekea waliobadilika ni wapimaji.

Ngazi ya mkoa inahitaji tahadhari zaidi. Mkoa uliopimwa watoto 150 wenye udumavu wa karibu nusu una ukingo wa makosa ya sampuli wa kama asilimia 10 kila upande, ukihesabu kwamba watoto wa kitongoji kimoja hufanana. Kumsifu au kumkaripia mkuu wa mkoa kwa mabadiliko ya asilimia 4 ni kumhukumu kwa bahati nasibu.

Kwa hiyo unapoandika hadidu za rejea za utafiti wa lishe, taja mambo haya kwa maneno: siku zisizopungua tano za mafunzo ya upimaji, mbili kati yake wakiwa na watoto halisi, wapimaji wawili kwa kila timu, si mmoja na dereva, na ripoti itoe, kando ya asilimia, wastani wa alama, mtawanyiko wake kwa kila mkoa, na sehemu ya watoto wenye tarehe kamili ya kuzaliwa iliyotoka kwenye kadi. Mshauri akikuambia hana nafasi ya jedwali hilo, muombe data zenyewe ulitengeneze wewe. Ni kazi ya mchana mmoja.